Siku 19 bila Mkono Wangu

Nilikuwa bado sijavua viatu, begi likiwa begani, nilipochuchumaa mbele ya tangi la samaki na kuwasha tochi ya simu. Nilijiandaa kuona uozo. Kwa siku kumi na tisa tangi hilo, la lita 90, lilikuwa chini ya uangalizi wa jirani ambaye hapendi samaki, hajui jina la mmea hata mmoja uliomo ndani, na aliyekubali kazi hiyo kwa sharti kwamba asilazimike kulowesha mkono. Juu ya kifuniko ilikuwa bado imelala karatasi niliyomwandikia: "Walishe chembe chache kila baada ya siku mbili. Usiguse kitu kingine chochote."

Hakugusa.

Maji yalikuwa yamepungua vidole viwili. Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi jepesi la kijani, la kufutika kwa kidole. Lakini Hygrophila, mmojawapo wa mimea yangu, ilikuwa imefika juu ya maji, ikajipinda na kuanza kulala juu ya uso wake, na kila jani lililochipua tangu niondoke lilikuwa safi, bila uzi hata mmoja wa mwani. Kwenye Anubias, mmea mwingine ambao kingo za majani yake ya zamani zilikuwa zimevaa vishungi vyeusi kwa zaidi ya mwaka, kulikuwa na jani jipya moja, limekunjuka nusu, nalo halikuwa na doa.

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nimepambana na mwani katika tangi hilo kila Jumamosi, kwa wembe, kwa mswaki, kwa sindano ya dawa na kwa ndoo. Siku kumi na tisa za kutofanya lolote zilikuwa zimefanya jambo ambalo Jumamosi sitini hazikulifanya.

Nilipaswa kufurahi, na kwa kweli nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha nikaanza kukasirika, kwa sababu sikujua nilikuwa nimefanya nini.

## Mambo matano kwa mpigo

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepunguza muda wa taa kutoka saa kumi hadi saa sita kwa siku, kwa kuogopa kwamba maji yangepata joto bila mtu wa kuyaangalia. Chakula nilikipunguza, kwa kuwa jirani asiyewajua samaki huwalisha kama anayenenepesha kuku. Maji hayakubadilishwa. Chujio halikuoshwa. Hakuna aliyekata mmea, kung'oa mmea wala kutifua changarawe.

Mtu anayebadili mambo matano kwa mpigo hana haki ya kusimama na kulitaja lililoponya. Hata hivyo, ushauri mwingi kuhusu mwani huzaliwa hivyo hivyo: mfugaji huona nyuzi za kijani, huingiwa na hofu, hupunguza taa, hununua konokono, humimina dawa, hubadili nusu ya maji, na baada ya wiki tatu tangi linapotakata hukisifu kile alichokifanya mwisho. Mimi mwenyewe nimewashauri watu kwa uhakika wa namna hiyo. Yupo mmoja niliyemwambia kwamba tatizo lake lilikuwa ni fosfeti tu, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, na nikamwambia kwa sauti ya daktari, nami leo ningependa kumwomba radhi.

Kwa hiyo niliamua kurudisha mambo yale moja baada ya jingine, kila moja kwa wiki mbili, huku nikiandika kwenye daftari. Kabla ya kufika huko, lakini, ilinibidi nikubali kwamba nilikuwa sijawahi kujiuliza swali la awali kabisa.

## Kijani kwa kijani

Mwani na mmea hufanya kazi ile ile kwa zana zile zile. Vyote hufanya usanisinuru kwa klorofili, na vyote vinahitaji naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na kabonidayoksaidi. Mimea yote ya nchi kavu ilitokana na mwani wa kijani, na mimea tunayoipanda kwenye matangi ni uzao wa ile iliyopanda nchi kavu kisha ikarudi majini. Hata ule utando wa kijani-buluu unaobanduka kama ngozi na kutoa harufu nzito, ambao wengi wetu tunauita mwani, si mwani bali ni bakteria, na ni ndugu wa bakteria wale wa kale ambao hatimaye walikuja kuwa viwanda vya kijani ndani ya seli za mimea.

Sasa ukitafuta dawa itakayoua kijani kimoja na kukiacha kingine, au chakula kitakachomnyima mmoja bila kumnyima mwenzake, unatafuta kitu kigumu mno. Nilikitafuta kwa miezi kumi na minne.

Ipo tofauti moja ambayo nilikuwa naijua bila kuielewa. Mimea mingi ya matangi huishi porini miguu ikiwa majini na kichwa kikiwa hewani kwa sehemu ya mwaka, na wakulima wanaoizalisha kwa ajili ya kuuza huikuza nje ya maji, kwa kuwa hewani hukua haraka. Majani inayokuja nayo yameumbwa kwa ajili ya hewa. Ukiyazamisha, hufa polepole, na mmea hulazimika kutengeneza mengine membamba na laini zaidi, yanayofaa majini. Cryptocoryne hufanya hivyo kwa kishindo, kwani huweza kuyeyuka yote ndani ya wiki moja na kuacha mizizi tu, ukadhani imekufa, kisha baadaye ikachipua upya.

Jani linalokufa huvuja. Sukari, amonia na kila lililokuwa ndani yake hutoka taratibu, na mwani hauhitaji mwaliko mwingine. Ndiyo maana tangi jipya huota mwani katika miezi ya kwanza hata likitunzwa vizuri: nusu ya kile tunachokiita mimea yetu iko katika hali ya kufa, na bakteria wanaopaswa kuigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ndio kwanza wanaanza kuzaana, kazi inayochukua kwa kawaida wiki nne hadi sita.

## Ziwa lililogawanywa kwa pazia

Imani yangu juu ya fosfeti haikutoka hewani. Mwaka 1973, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mwanasayansi David Schindler na wenzake waliligawanya ziwa dogo, linalojulikana kama Ziwa 226, kwa pazia zito lililoteremshwa majini. Upande mmoja walitia naitrojeni na kaboni, na upande wa pili naitrojeni, kaboni na fosforasi. Upande uliotiwa fosforasi uligeuka kijani. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ni mojawapo ya picha mashuhuri katika elimu ya maziwa: maji ni yale yale na jua ni lile lile, lakini nusu moja ni nyeusi na nusu nyingine ni kama supu.

Kwa mfugaji wa samaki mwenye mwani, picha ile ni kama hukumu. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin walitoa hoja inayofanana na hiyo kwa ajili ya matangi: lisha mimea kila kitu isipokuwa fosfeti, ili kiwe kirutubisho pekee kilicho haba, na mwani utakosa nguvu. Wengi waliifuata, na miaka mingi baadaye nami nikaifuata. Nilinunua vidonge vya kufyonza fosfeti, nikaviweka ndani ya chujio, na kila Jumamosi nikawa napima maji kwa kichupa na matone hadi rangi ya buluu ikatoweka kabisa.

Mwani haukutoweka. Ulibadilika sura tu.

Nyuzi zilipungua kiasi, lakini vioo na majani mapana yalijaa madoa ya kijani, magumu kama rangi ya mafuta iliyokauka, yasiyotoka ila kwa wembe. Baadaye nilijifunza kwamba madoa hayo, wafugaji wenye uzoefu wanapoyaona, jambo la kwanza wanalolishuku ni upungufu wa fosfeti. Na Hygrophila, ambayo ni mmea usiojua kudumaa, ilidumaa. Majani yake ya chini yaligeuka manjano, yakatoboka, yakalainika.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kanuni ambayo Carl Sprengel aliieleza na Justus von Liebig akaitangaza huko Ujerumani katika karne ya 19, kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kile kilicho haba kuliko vyote, wala si na jumla ya vilivyopo. Niliikumbuka, lakini niliisoma upande mmoja. Nilidhani uhaba ungeubana mwani. Sikufikiri kwamba mwani unahitaji kidogo sana, kiasi ambacho samaki mmoja akipitiwa na haja tu tayari ameutimizia, wakati mmea wenye shina, mizizi na majani thelathini utakuwa umeshadhoofika kabla uhaba huo haujaugusa mwani.

Na mmea ukipungukiwa, hufanya jambo linalofahamika na mzazi yeyote mwenye watoto wengi na nguo chache: humvua mkubwa ili amvike mdogo. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu huondolewa kwenye jani la zamani na kupelekwa kwenye chipukizi. Jani la zamani hubaki likiwa hai nusu, linavuja, na kingo zake huwa makao. Katika tangi langu mwani mweusi haukuwahi kuanzia juu. Ulianzia chini siku zote, kwenye majani ambayo mmea wenyewe ulikuwa umekwisha kuyatelekeza kwa sababu niliyoisababisha mimi, na kwa vidonge nilivyovinunua mwenyewe.

Je, Schindler alikosea? Hata kidogo. Maji ya wazi ya ziwa lake hayakuwa na bustani ya mimea ya kushindana na mwani. Kwa tangi, wanaofaa zaidi kusikilizwa, nadhani, ni wale waliochunguza maziwa ya kina kifupi. Mwaka 1993 Marten Scheffer na wenzake walieleza kwamba ziwa la namna hiyo, likiwa na virutubisho vya kiasi kile kile, linaweza kutulia katika hali mojawapo kati ya mbili: maji maangavu yaliyojaa mimea, au maji mazito yaliyojaa mwani. Kila hali hujilinda. Mimea hutuliza tope, hunywa virutubisho na kuwapa hifadhi wadudu wanaokula mwani. Mwani nao hufunika mwanga, mimea ikafa, tope likapanda, mwani ukazidi. Kulihamisha ziwa kutoka hali moja kwenda nyingine kunahitaji msukumo mkubwa kuliko ule unaohitajika kulibakiza lilipo.

Maelezo hayo yalinipa faraja, kisha yakanipa mashaka mapya. Huenda tangi langu lilikuwa tayari limekaribia ukingo wa kugeuka, mimea ikiwa imeshafikia wingi wa kutosha, na safari yangu iliangukia tu wiki ile ambayo lingegeuka kwa vyovyote. Siwezi kulikanusha hilo. Daftari langu halina tangi la pili la kulinganisha.

## Taa niliyojivunia

Jaribio la kwanza lilikuwa la taa. Niliirudisha kwenye saa kumi, nikaacha mengine yote kama jirani alivyoyaacha. Siku ya tisa majani ya juu ya Hygrophila yalikuwa na manyoya mafupi ya kijani, yanayoonekana tu ukitazama kwa upande. Siku ya kumi na mbili sikuhitaji tena kutazama kwa upande. Niliikatisha kabla wiki mbili hazijatimia, jambo ambalo ni udhaifu wa kisayansi, lakini mimea ni yangu.

Taa hiyo nilikuwa nimeinunua kwa mbwembwe. Ilikuwa na nguvu kupita mahitaji ya tangi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanga mwingi ni wema mwingi, kwa kuwa mimea huishi kwa mwanga. Hilo la mwisho ni kweli. Lakini mwanga ndio unaopanga kasi ya mahitaji mengine yote, na la kwanza kushindwa kuifuata kasi hiyo, katika tangi lisilo na mtungi wa gesi ya kabonidayoksaidi kama langu, ni kaboni.

Hewani, kabonidayoksaidi ni haba lakini husafiri upesi. Majini husambaa polepole mno, takriban mara elfu kumi polepole kuliko hewani, na kila jani limevikwa tabaka jembamba la maji yaliyotulia ambalo gesi hiyo lazima ilipenye kabla ya kuingia. Jani pana lina tabaka nene. Uzi wa mwani ni mwembamba, umezungukwa na maji kila upande, tabaka lake ni kama halipo. Kwa hiyo mwanga ukiwa mkali na kaboni ikiwa kidogo, mmea hukaa mezani bila chakula wakati jirani yake anaendelea kula. Mmea kama Vallisneria una njia ya kujitetea, kwani unaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikabonati iliyoyeyuka katika maji magumu. Anubias haina uwezo wa kukimbilia popote. Ni mmea wa kivulini, wa taratibu, na mimi nilikuwa nimeuweka chini ya taa moja kwa moja kwa sababu ulipendeza pale.

Wanaotumia mtungi wa gesi hulenga takriban miligramu 30 za kabonidayoksaidi kwa lita, kiwango ambacho kioevu cha kupimia hugeuka kutoka buluu kuwa kijani, na wao wanaweza kumudu mwanga ambao mimi siwezi. Nilikuwa nimeiga taa yao bila kuiga mtungi wao. Leo taa yangu huwaka saa sita na nusu, nami Anubias nimeihamishia chini ya kivuli cha Hygrophila, ikiwa imefungwa kwa uzi kwenye kipande cha mti, maana shina lake nene linalotambaa halipaswi kufukiwa, likifukiwa huoza.

## Walaji

Sitawaongelea sana walaji wa mwani, kwa kuwa wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Jambo moja tu limenivutia. Robert Warington, mkemia wa London, alichapisha mwaka 1850 taarifa ya jaribio lake la kuwaweka pamoja samaki wa dhahabu wawili na mmea wa Vallisneria katika chombo cha kioo, akitaka kuonyesha kwamba mnyama na mmea wanaweza kutegemezana kwa hewa. Karibu afeli, na kilichotaka kumfelisha kilikuwa majani ya Vallisneria yaliyozeeka na kuoza, pamoja na utelezi wa kijani uliotanda na kuyachafua maji. Aliingiza konokono wa dimbwini, nao wakala majani yanayooza na utelezi ule, maji yakatakata, na hata mayai yao yakawa chakula cha samaki.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kama hadithi ya konokono anayekula mwani. Nilipoirudia baada ya safari yangu niliona kwamba tatizo lililotajwa mwanzo lilikuwa jani lililooza.

Kamba wadogo ambao Mjapani Takashi Amano, mbunifu wa matangi ya mimea, aliwapa umaarufu, Caridina multidentata, ninao sita. Ni wachapakazi kweli, hasa kwa nyuzi laini, ila wana ubinadamu fulani: ukimwaga chakula cha samaki huacha kazi. Jaribio langu la pili, la kurudisha chakula cha zamani mara mbili kwa siku, halikuleta mwani mpya ambao ningeweza kuuapia, lakini lilileta mgomo. Kamba wote sita walihamia kona ya chakula na kukaa hapo, wakisubiri.

## Jumamosi

Jaribio la tatu lilihusu mkono wangu, na ndilo nililoliahirisha kuliko yote.

Jumamosi zangu zilikuwa na utaratibu. Ningezungusha mswaki kwenye nyuzi kama anayeviringisha tambi, ningekwangua vioo, ningeng'oa mashina yaliyorefuka na kuyapanda upya yakiwa yamekatwa, ningetifua changarawe hadi maji yakawa ya kahawia, kisha ningetoa sifongo ya chujio na kuiosha chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe. Ilinipa raha sana, ile sifongo nyeupe.

Waswahili husema kumpiga chura teke ni kumwongezea mwendo. Vipande vya mwani nilivyovikwangua vilielea na kutua penginepo. Mmea uliong'olewa kila baada ya wiki mbili ulitumia nguvu zake kuotesha mizizi upya badala ya majani. Tope lililotifuliwa liliachia vyote vilivyokuwa vimelala chini yake. Na bakteria wanaokaa kwenye sifongo, wale waliochukua wiki nne hadi sita kujijenga, nilikuwa nikiwaosha kwa maji ya bomba yenye klorini, ambayo huwekwa humo mahsusi ili iue bakteria.

Nilijua hilo la klorini. Kila kitabu cha anayeanza hulisema. Maji mapya ya tangi nilikuwa nayatia dawa ya kuondoa klorini kwa uangalifu mkubwa, tone kwa tone, na mkono ule ule baada ya dakika kumi uliipeleka sifongo bombani, na katika miezi kumi na minne sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili kichwani.

Nilifanya Jumamosi moja ya majaribio kwa mtindo wa zamani, isipokuwa sifongo, ambayo dhamiri ilinikataza. Siku iliyofuata kipimo cha amonia, ambacho kwa wiki nyingi kilikuwa cha manjano, kilionyesha dalili ya ukijani. Mimea ingeweza kuimaliza amonia hiyo, kwani mingi ya majini hupendelea amonia kuliko naitreti, lakini nusu yake nilikuwa nimeing'oa asubuhi ile ile. Siku ya nne kioo cha mbele kilikuwa na ukungu wa kijani kutoka juu hadi chini.

Nimelitafakari sana lile neno "ukungu". Zamani, Jumamosi iliyofuata ningeukuta ukungu huo, ningeukwangua, na kusema: mwaona jinsi mwani ulivyo mkaidi? Ningekuwa na ushahidi wa kwamba kazi yangu inahitajika.

## Vishungi vyeusi

Yamebaki yale ya kwenye Anubias. Wafugaji huuita mwani ndevu nyeusi, na unastahili jina hilo: vishungi vya nywele fupi, laini, vinavyocheza na mkondo wa maji, vilivyoshikilia ukingo wa jani kama vimeshonwa. Nilivipiga vita kwa kila silaha. Kwa sindano na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, chujio likiwa limezimwa kwa dakika chache, vishungi hutoa mapovu, na baada ya siku mbili tatu hugeuka kijivu au waridi, ndipo kamba wanapokubali kuvila. Inafanya kazi. Inahitaji kipimo kidogo na uangalifu, kwa maana kamba na mimea ya kuvumwani inaweza kudhurika. Mara nne nilivimaliza hivyo, na mara nne vikarudi kwenye majani yale yale, kwa sababu majani yalikuwa yale yale: mazee, yaliyotobolewa, yaliyonyonywa na mmea wenyewe.

Kitaalamu, mwani huo ni wa kundi la mwani mwekundu, jamaa wa mbali wa miani mingi ya baharini. Rangi ya kijani ya klorofili na rangi nyekundu zimelaliana ndani yake hadi macho yetu yanaona weusi. Nilikuwa nimesoma zamani kwamba ukikiloweka kishungi kwenye spiriti, klorofili huyeyuka na kuondoka, na wekundu uliokuwa umefichwa hubaki peke yake. Sikuwahi kujaribu. Kila mara niliposhika kishungi nilikuwa na haraka ya kukiua.

Anubias sasa ina majani manne mapya. Huotesha moja kwa karibu wiki tatu, na kwa mtu niliyezoea kupima mafanikio kwa weupe wa sifongo, wiki tatu ni muda mrefu wa kukaa mikono ikiwa mapajani. La kwanza limekunjuka kabisa na lina ukubwa wa kidole gumba, la nne bado ni sindano ya kijani iliyojiviringisha. Hakuna lenye ndevu. Jani kubwa la zamani, lile lenye vishungi vingi kuliko yote, nililiacha muda wote huo kwa makusudi, kwa kuwa mmea ulikuwa na machache na bado ulikuwa ukilikamua.

Jumamosi iliyopita niliingiza mkono majini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nikalikata chini kabisa, kwenye shina. Nililitumbukiza kwenye gilasi ndogo ya spiriti, nikaiweka dirishani, nikaenda kulala. Asubuhi spiriti ilikuwa imegeuka kijani kibichi, jani limepauka kama karatasi, na kwenye kingo zake, kishungi baada ya kishungi, zilisimama nywele nyekundu.